Barua ya Wazi kwa Wasimamizi wa Mipaka Yetu: Anayemtangaza Mnyama Wake Asiadhibiwe

Kwa Waheshimiwa mnaosimamia mifugo, forodha na shughuli za mipakani, Tanzania na Kenya.

YAH: USUMBUFU WANAOUPATA WASAFIRI WA GARI-NYUMBA WENYE MBWA NA PAKA

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima.

Nawaandikia hadharani kwa sababu njia ya kimyakimya nimeimaliza. Barua ya kwanza niliipeleka kwa mkono mwezi Aprili mwaka jana, ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Ya pili niliituma Juni kwa rejista. Nikapiga simu mara tano. Nikafunga safari mpaka ofisini, nikakaa kwenye benchi tangu saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana, nikaambiwa mhusika yuko kikaoni. Jibu pekee nililo nalo ni la mstari mmoja: "Suala lako linashughulikiwa." Mwaka umekatika.

Kituo cha mpaka ninachokizungumzia sikitaji, wala maofisa wake siwataji. Simtafutii mtu afukuzwe kazi. Wengi wao walikuwa wamechoka kama sisi, na wawili walitusaidia kwa moyo. Shida iko kwenye utaratibu, na utaratibu mnaushika ninyi.

Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Morogoro. Mume wangu alikuwa fundi magari. Tulipostaafu tulinunua Coaster iliyochoka, yeye akang'oa viti vyote, akajenga kitanda, akaweka jiko la plati mbili, sinki, tangi la maji na paneli ya sola juu ya paa. Ikawa nyumba yetu ya barabarani. Binti yetu ameolewa Nakuru, na njia hiyo tunaipita kwenda kuwaona wajukuu. Tunasafiri na mbwa wetu Bosi, koko wa miaka sita, na paka wetu Nyota, ambaye tangu aokotwe akiwa hajafumbua macho hajawahi kulala mbali na miguu ya mume wangu. Hatuna wa kumwachia wanyama hawa, na hata tungekuwa naye tusingewaacha.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Hakuna anayeweza kukuambia kinachotakiwa.

Miezi miwili kabla ya safari nilianza kuuliza. Ofisi ya kwanza ilinitajia cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa na cheti cha afya kutoka kwa daktari wa mifugo wa serikali. Ya pili ikaongeza kibali cha kuingiza mnyama kutoka nchi ninayokwenda. Ya tatu, kwa simu, ikasema paka hahitaji chochote, "paka ni paka tu, mama." Nikaamua kuchukua kila karatasi iliyotajwa na kila mtu, kwa wanyama wote wawili. Nilipofika dirishani na bahasha yangu, nikaambiwa kibali nilichokichapisha kutoka mtandaoni hakina muhuri wa wino. Mfumo wenyewe wa serikali ndio ulioniambia nikichapishe. Hakuna aliyeweza kunionyesha ni wapi palipoandikwa kwamba wino unahitajika.

Nimefundisha miaka thelathini na mbili. Mtoto ukimpa mtihani wa somo ambalo hukumfundisha, kosa ni lako.

2. Mnyama anasubirishwa juani kwa sababu mtu wa kumkagua hayupo.

Hapa naomba mnivumilie niseme kwa urefu.

Tulifika mpakani saa nne asubuhi. Pasi zetu ziligongwa muhuri ndani ya dakika ishirini, na kwa hilo nawashukuru kweli. Nakumbuka enzi ambazo tungemaliza nusu siku. Kisha tukaambiwa gari lenye wanyama lipelekwe uwanja wa malori lisubiri daktari wa mifugo. Daktari alikuwa ameitwa upande wa pili kukagua shehena ya ng'ombe. Atarudi lini? Hakuna aliyejua. Namba yake ya simu? Hairuhusiwi kutolewa.

Uwanja ule ni changarawe tupu. Hauna mti, hauna banda, hauna bomba la maji. Askari, kwa mujibu wa kazi yake, alitaka injini izimwe na sisi tushuke, wanyama wabaki ndani mpaka wakaguliwe. Tukafungua madirisha yote. Humo garini tuna kipimajoto kidogo cha ukutani, kwa sababu mume wangu anatumia insulini na tunaangalia friji. Saa nne na nusu kilisoma nyuzi 29. Saa sita kasoro kilisoma 39.

Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi; hupoza mwili kwa kuhema. Bosi alikuwa amelala ubavu juu ya sakafu, ulimi umegeuka rangi ya damu ya mzee, mbavu zinakwenda mbio. Hilo nilikuwa nimelizoea kiasi. Lililonitisha ni Nyota. Paka akianza kuhema kwa mdomo wazi kama mbwa, ujue yuko hatarini. Alikuwa ameshikilia nyavu za kizimba chake kwa kucha, mdomo wazi, macho hayapepesi. Nikamwambia askari kwamba nawatoa, na akitaka anikamate. Ni kijana wa umri wa mwanangu wa mwisho. Alinitazama, akageuka akaangalia upande mwingine.

Dereva mmoja wa lori la saruji ndiye aliyetundika turubai lake kati ya malori mawili. Tukakaa chini yake na wanyama wetu, tukawalowesha nyayo na tumbo kwa maji ya kunywa. Daktari alifika saa kumi na dakika kumi. Ukaguzi wenyewe, kutazama macho, kusoma vyeti na kugonga muhuri, ulichukua dakika saba.

Tulisubiri muda wa saa sita kasoro dakika chache kwa kazi ya dakika saba. Nasema hivi bila kumlaumu daktari yule, aliyekuwa peke yake akihudumia mifugo ya pande mbili za barabara tangu alfajiri.

3. Gari letu halina jina kwenye fomu zenu.

Kadi ya gari inasomeka basi dogo, kwa kuwa ndivyo lilivyozaliwa. Ofisa mmoja akadai leseni ya kusafirisha abiria. Mwingine, alipoona kitanda na jiko, akasema hii ni nyumba, vyombo vya ndani viorodheshwe vyote kama mali inayohamishwa. Nikaorodhesha mpaka sufuria na miiko. Wa tatu aliona mtungi wa gesi ya kupikia na kuuliza kibali cha kusafirisha gesi, kilo sita. Bima ya kadi ya njano ya COMESA, ile ya gari inayotambulika nchi hadi nchi, tulikuwa nayo na haikuleta neno. Kumbe kitu kikiwa na utaratibu mmoja unaojulikana pande zote mbili, hupita bila kelele.

Magari ya namna hii yanaongezeka. Wageni wameanza zamani kutoka Cape Town kupanda kaskazini na magari yenye vitanda, na sasa wenyeji nao tunayajenga kwenye gereji zetu. Andikeni mstari mmoja kwenye fomu.

4. Mnyama wetu alizuiwa kurudi nyumbani kwake.

Tulikaa Nakuru wiki tano. Tuliporudi mpakani, tuliulizwa kibali cha kuwaingiza Bosi na Nyota Tanzania. Nikadhani sikusikia vizuri. Bosi amezaliwa Mzumbe, nyuma ya bweni la wavulana. Vyeti vyake vyote vimetolewa Tanzania na muhuri wa kutokea tunao. Nikaambiwa hivyo vilikuwa vya kwenda. Cheti cha afya kimeshapitwa na muda wake, kwa hiyo sasa vinatakiwa vya kurudi: cheti kipya kutoka kwa daktari wa serikali wa huko tulikotoka, na kibali kipya cha kuingia.

Hakuna aliyetuambia hilo wakati wa kwenda, hata daktari aliyegonga muhuri.

Tulilala usiku mbili pembeni ya barabara, upande wa pili wa mpaka. Mume wangu alipanda basi kurudi mji wa karibu kutafuta cheti, mzee wa miaka sitini na nane, na mimi nikabaki na gari. Watu wa kibanda cha chai walinipa maji na kunichajia simu. Usiku wa pili sikulala, maana kulikuwa na vijana wakizungukazunguka gari, na Bosi akabweka mpaka kukakucha.

Naomba mlitafakari hili. Binadamu akitoka nchini mwake na pasi, hurudi na pasi ileile. Gari hurudi na kadi ileile. Ni mnyama peke yake anayegeuka mgeni katika nchi yake baada ya wiki tano.

5. Utupu huu unawanufaisha vishoka.

Wakati tukisubiri juani, kijana asiye na kitambulisho alitaka shilingi elfu sitini ili "amwite daktari haraka." Hatukutoa. Siku ya kurudi, mwingine alitaka zaidi. Pale ambapo hakuna ubao unaosema ada ni kiasi gani na inalipwa wapi, kila mwenye maneno huwa ofisa.

6. Anayesema kweli ndiye anayeumia.

Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Tukiwa chini ya lile turubai, mama mmoja mfanyabiashara aliyekuwa akivuka na mizigo yake alikuja kunipa pole. Akaniuliza kwa mshangao wa kweli, "Sasa mama, kwa nini uliwaambia una mbwa? Ungemfunika blanketi, ungeshakuwa umefika." Siku ya kurudi nikaambiwa vilevile na watu wengine wawili, na mmoja akaelekeza kwa kidole njia ya panya inayopita nyuma ya maduka, mita mia tatu hivi kutoka kwenye bendera. Nikiwa nimekaa pale nilihesabu mbwa wanne wakivuka mpaka kwa miguu yao wenyewe, wakifuata watoto na mbuzi. Hakuna aliyewauliza chanjo.

Waheshimiwa, msije mkadhani naona udhibiti wa wanyama ni kitu cha kupuuzwa. Nilipokuwa nikifundisha shule ya kijijini katika miaka ya tisini, mwanafunzi wangu wa darasa la nne aling'atwa na mbwa akiteka maji. Jeraha lilikuwa dogo, kwenye kifundo cha mguu. Nyumbani walilipaka mafuta ya taa na dawa ya majani, likapona. Wiki kadhaa baadaye akaja darasani akilalamika homa na kuwashwa mahali lilipokuwa jeraha. Siku mbili baadaye nilimtembelea. Mama yake alimpa kikombe cha maji, na koo la mtoto likakaza kabla kikombe hakijamfikia mdomoni. Alikuwa ananitazama. Alijua ni mimi. Alifariki kesho yake.

Dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Ugonjwa huu hukadiriwa kuua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, karibu wote Afrika na Asia, na karibu wote kwa kung'atwa na mbwa. Katika kila watu kumi wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa nao, wanne ni watoto wasiofika miaka 15. Na unazuilika: wataalamu wanasema mbwa 70 kati ya kila 100 wakichanjwa katika eneo, ugonjwa hukosa pa kupita. Shirika la Afya Duniani na washirika wake wamejiwekea lengo kwamba ifikapo 2030 asife tena mtu kwa kichaa cha mbwa kinachotokana na mbwa. Miaka iliyobaki inahesabika kwa vidole.

Kwa hiyo mwenye mbwa aliyechanjwa, mwenye cheti mkononi, anayesimama mwenyewe dirishani na kusema "ninaye mbwa", huyo ni mwenzenu katika vita hivi. Kila saa mnayomchomesha juani mnamfundisha yeye, na wote wanaomtazama, kwamba safari ijayo atumie blanketi. Mbwa aliyefichwa hamjui kama amechanjwa. Mbwa wa njia ya panya hamjui hata kama yupo.

Najua majibu nitakayopewa, kwa kuwa baadhi nimeshapewa kwa mdomo.

Mtasema wasafiri wa namna yangu ni wachache. Wenye magari-nyumba, ndiyo, bado ni wachache. Lakini mbwa wa wafugaji wanaofuata malisho, mbwa wa familia zenye mashamba pande zote mbili, paka anayebebwa kwenye kapu na bibi anayehamia kwa mwanawe, hao si wachache, na mlango wao ni huuhuu. Ukifungwa kwangu umefungwa kwao.

Mtasema hakuna watumishi wa kutosha. Naamini, nilimwona yule daktari mmoja. Basi tangazeni saa zake. Tukijua kwamba wanyama wadogo wanakaguliwa saa tatu na saa tisa, tutapanga safari tufike saa hizo. Ubao na chaki havihitaji bajeti ya nyongeza.

Mtasema hizi ni nchi mbili zenye sheria mbili. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika 1 Julai 2010. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina Sheria ya mwaka 2016 ya vituo vya pamoja vya mpakani, ili msafiri asimame mara moja tu. Maofisa wa pande mbili sasa wanakaa chini ya paa moja. Kama muhuri wa pasi na ushuru wa saruji vimewezekana kupatanishwa, cheti cha paka kinashindikanaje? Ulaya walianza pasi ya wanyama wa kufugwa mwaka 2004: kijitabu kimoja chenye tarehe za chanjo na namba ya chipu, ile ndogo kama punje ya mchele inayowekwa chini ya ngozi, mbwa anatoka Ureno hadi Poland kwenye gari-nyumba bila kusimamishwa. Uingereza ilipojitoa, kuanzia 1 Januari 2021 watu wake walipoteza haki hiyo na sasa hutafuta cheti kipya kila safari. Lakini hata wao, cheti hichohicho cha kwendea ndicho cha kurudia.

Sikubali pia kwamba jambo hili linangoja mradi mkubwa au mfumo mpya wa kompyuta. Ninayoomba ni haya:

(a) Ukurasa mmoja wa maelezo, kwa Kiswahili, uliokubaliwa na pande zote mbili, ubandikwe kila kituo cha mpaka na kila ofisi ya mifugo ya wilaya: karatasi zipi, zinapatikana wapi, zinadumu siku ngapi, ada ni kiasi gani na inalipwa kwa stakabadhi ipi. Ukurasa huo useme wazi kama kibali kilichochapishwa kutoka mtandaoni kinatosha.

(b) Hati moja ya kwenda na kurudi kwa mbwa na paka wa wakazi wa nchi hizi mbili, iliyofungamanishwa na chanjo ambayo haijapitwa na muda na chipu ya tarakimu 15. Siku tisini zingetosha. Mkiona chipu ni gharama kwa wengi, anzeni na picha na alama za mwili, lakini anzeni.

(c) Kivuli na maji mahali wanyama wanaposubiri, na ruhusa ya mwenye mnyama kukaa naye. Banda la nguzo nne na bati sita. Kama kuna ofisa ambaye dini yake au hofu yake hamruhusu kumgusa mbwa, hilo naliheshimu kabisa. Mwenye mbwa mwenyewe atamshika, ofisa atasoma karatasi.

(d) Saa za daktari wa mifugo zitangazwe, na iwepo namba ya simu ya ofisi inayopokelewa.

(e) Gari-nyumba litambuliwe kwenye fomu za forodha kama gari binafsi lenye vifaa vya kuishi, na mtungi mmoja wa gesi ya kupikia uruhusiwe ukiwa umefungwa vizuri.

(f) Chanjo ya kichaa cha mbwa itolewe bure mara kwa mara katika vijiji vya mpakani, pande zote mbili kwa siku moja. Hili halinihusu mimi wala gari langu. Naliomba kwa ajili ya yule mtoto.

Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 30 tangu barua hii kutoka, likieleza ni lipi kati ya haya mnalikubali, lipi mnalikataa na kwa sababu gani. Nakala za vyeti vyote, stakabadhi na picha za kipimajoto nilizopiga siku ile ninazo, na niko tayari kuzileta popote mtakaponiita.

Mjukuu wetu wa tatu anatarajiwa kuzaliwa Desemba. Tutaondoka Morogoro wiki ya kwanza ya mwezi huo na Coaster ileile, na tutasimama kwenye dirisha la mifugo tuwatangaze Bosi na Nyota.

Wenu katika ujenzi wa Jumuiya,

Mwalimu mstaafu,
Morogoro.
(Jina langu kamili na anwani viko kwenye barua mbili mlizokwisha kupokea.)